Minyoo Wekundu Kwenye Tope la Bwawa: Wanasema Nini Kuhusu Maji?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati inayosimamia bwawa la maji ambalo kina chake hakizidi mita 4. Maji yanapopungua, kingo zinabaki na tope jeusi, na ndani yake tumekuta minyoo wembamba wekundu kwa wingi, wengine wakipunga mikia yao juu ya tope. Wajumbe wamegawanyika. Wapo wanaosema bwawa limechafuka na minyoo hao wataleta maradhi, na wapo wanaotaka tuwaue kwa mrututu (chumvi ya shaba). Je, minyoo hao wanaonyesha nini kuhusu maji yetu, na tufanye nini?

Jibu: Ndugu Katibu, nianze na lile linalowatia wajumbe wako hofu. Minyoo mnaowaona kwenye tope si minyoo ya tumboni wala si wale wanaosababisha kichocho. Ni jamaa wa nyungunyungu wa shambani ambao wamezoea kuishi ndani ya maji. Hula tope lenyewe pamoja na bakteria waliomo, na hawana hatua yoyote ya maisha inayohitaji mwili wa binadamu. Vimelea wa kichocho wanaoingia kupitia ngozi hutoka kwa konokono wa majini, ni wadogo kuliko milimita moja, na hakuna atakayewaona wakipunga mikia kwenye tope. Kwa hiyo nawaomba mrututu ubaki dukani mpaka mmalize kusoma jibu hili, kwa sababu nitakazozieleza huko mbele.

Kabla ya kujadili maana ya minyoo hao, ni lazima mhakikishe kwamba kweli ni minyoo. Katika tope la mabwawa ya kitropiki kuna kiumbe mwingine mwekundu anayechanganywa nao mara kwa mara, naye ni buu la visubi wasiouma wa jamii ya Chironomidae. Mkimweka kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo na kumtazama kwa kioo cha kukuzia, mtaona kwamba ana kichwa kigumu cha rangi ya kahawia, vijiguu viwili vifupi nyuma ya kichwa na vingine viwili mkiani, na huogelea kwa kujikunja na kujikunjua mfano wa tarakimu ya 8. Mnyoo hana kichwa kigumu wala miguu. Mwili wake ni pingili tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila pingili, isipokuwa ya kwanza, kwa kawaida ina vinywelea vidogo ambavyo havionekani vizuri bila hadubini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu makundi haya mawili hayatoi ushahidi mmoja, na ripoti nyingi za ubora wa maji zimeharibika hapa mwanzoni kabisa, pale kila kitu chekundu na chembamba kilipohesabiwa kuwa mnyoo.

Wakiwa ni minyoo kweli, basi tabia ya kupunga mikia inatuelekeza kwenye kundi ambalo kwa muda mrefu liliitwa Tubificidae, na ambalo tangu 2008 wataalamu wengi wanalihesabu kuwa tawi la familia ya Naididae. Katika mabwawa ya joto, spishi inayopatikana karibu kila mahali ni Limnodrilus hoffmeisteri. Nyingine ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kuitambua ni Branchiura sowerbyi, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya mwili wake imepambwa kwa safu ya matamvua ya juu na ya chini ambayo ndiyo mashavu yake ya kupumulia. Huyu hupenda joto kiasi kwamba mwanasayansi Frank Beddard, alipomweleza kwa mara ya kwanza mnamo 1892, alikuwa amemtoa katika tangi la maji ya moto la bustani ya mimea jijini London, si katika mto wa Uingereza. Lipo pia kundi la minyoo wadogo zaidi, wa jenasi kama Dero, Nais na Pristina, ambao wengi wao ni wa milimita chache tu, hukaa kwenye mizizi na majani ya mimea ya majini, na huongezeka kwa kujigawa mwili bila kuhitaji kutaga. Kundi hili la mwisho linaweza kujaa katika bwawa lenye mimea mingi na maji mazuri tu. Ndiyo maana sentensi inayosema "tumekuta minyoo wengi" haijasema lolote bado.

Mnyoo wa jamii ya Limnodrilus au Tubifex hukaa kichwa chini, mkia juu. Kichwa kinachimba sentimita kadhaa ndani ya tope na kumeza chembe laini zenye bakteria, na mkia unatokeza juu ya tope ili kupata oksijeni na kutoa kinyesi. Wekundu wake unatokana na hemoglobini iliyoyeyuka moja kwa moja katika damu, ambayo ina uwezo mkubwa wa kunasa oksijeni hata ikiwa imebaki kidogo sana. Oksijeni inapopungua, mnyoo hutokeza sehemu kubwa zaidi ya mkia na kuupunga kwa kasi zaidi. Na ikiisha kabisa, baadhi ya spishi huweza kuvumilia kwa siku kadhaa au hata zaidi. Kwa hiyo wajumbe wako walichokiona ukingoni ni kiumbe anayepumua kwa bidii mahali penye chakula kingi na hewa haba.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Minyoo hawa wanatoa ushahidi juu ya tope, yaani juu ya kiasi cha mabaki yanayooza chini ya bwawa na juu ya hali ya oksijeni huko chini kwa muda wa wiki na miezi iliyopita. Hawatoi ushahidi juu ya maji mliyoyachota leo asubuhi. Maji ya juu yanaweza kuwa na vijidudu hatari vya kinyesi huku tope likiwa halina minyoo wengi, na yanaweza kuwa salama baada ya kuchujwa na kutibiwa huku tope likiwa limejaa minyoo. Kamati ikizichanganya habari hizi mbili itaogopa pasipo na hatari, na itatulia palipo na hatari.

Watu wametumia minyoo kupima uchafu wa maji kwa zaidi ya karne moja. Wajerumani Kolkwitz na Marsson, katika maandiko yao ya 1908 na 1909, walipanga mimea na wanyama wa majini kulingana na uwezo wao wa kuvumilia maji taka, na minyoo wa jamii ya Tubifex wakawekwa upande wa uchafu mkubwa. Katika Ziwa Erie la Amerika Kaskazini, ripoti iliyotolewa mwaka 1955 ilipendekeza kwamba minyoo chini ya 1,000 kwa mita ya mraba waashirie uchafuzi mdogo, kati ya 1,000 na 5,000 uchafuzi wa wastani, na zaidi ya 5,000 uchafuzi mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti Goodnight na Whitley walipendekeza kipimo kingine kwa ajili ya mito: minyoo wakizidi asilimia 80 ya viumbe wote wa chini wanaoonekana, basi hali ni mbaya, wakiwa kati ya 60 na 80, hali inatia shaka, wakiwa chini ya 60, hali ni nzuri. Baadaye Uingereza ilitunga mfumo wa kuzipa familia za viumbe wa mtoni alama za kuanzia 1 hadi 10, na minyoo wote kwa pamoja wakapewa 1.

Nimevitaja vipimo hivi kwa sababu mtakutana navyo kwenye ripoti za washauri, navyo hunukuliwa kana kwamba vinafaa kila mahali. Sikubaliani na matumizi hayo. Vilitungwa kwa maji ya nchi za baridi, na vingi kwa mito inayotiririka ambayo sakafu yake ni kokoto. Sakafu ya bwawa lisilo na kina ni tope laini kwa asili yake, na tope laini ndiyo nyumba ya mnyoo. Hata bwawa ambalo halijaingiwa na maji taka hata tone moja litakuwa na sehemu ya katikati ambako minyoo na mabuu ya Chironomidae ndio karibu wakazi pekee. Ukilipima bwawa hilo kwa kipimo cha asilimia 80, unaweza kulihukumu kwa kosa la kuwa bwawa.

Joto nalo linabadilisha hesabu kwa namna ambayo haizungumzwi vya kutosha. Maji ya nyuzi joto 20 kwenye usawa wa bahari yanaweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba takriban 7.6 tu. Wakati huohuo bakteria wanaoozesha mabaki huongeza kasi, na kwa makadirio ya kawaida mahitaji yao ya oksijeni hukaribia kuwa maradufu kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Akiba inapungua, mahitaji yanaongezeka. Isitoshe, tofauti ya nyuzi moja kati ya 29 na 30 hubadili uzito wa maji zaidi ya mara 3 ya tofauti ya nyuzi moja kati ya 9 na 10. Maana yake ni kwamba katika bwawa la kitropiki, hata lenye mita 3 tu, jua la mchana likipasha tabaka la juu kwa nyuzi 2 au 3, tabaka hilo hukaa juu ya maji ya chini bila kuchanganyika nayo, na tope huanza kumaliza oksijeni iliyofungiwa huko. Usiku tabaka la juu hupoa au upepo huvuma, maji yakachanganyika, na chini hupata hewa tena. Minyoo wekundu wameumbwa kwa maisha ya namna hii ya kukosa na kupata. Viumbe wengi wengine hawakuumbwa hivyo. Ndiyo sababu wingi wa minyoo katika bwawa la joto unaweza kutokana na mpangilio wa kila siku wa joto na upepo, na si lazima kuwe na bomba la maji taka lililofichwa mahali.

Kushuka na kupanda kwa kiwango cha maji ni jambo jingine linalopotosha. Maji yakishuka, minyoo wa kingoni hufa, au huchimba chini zaidi, au baadhi hujifungia ndani ya utando mgumu wakisubiri maji yarudi. Maji yakipanda, nyasi zilizoota kwenye ukingo mkavu huzama na kuoza, na minyoo hupata karamu. Basi ukihesabu mwishoni mwa kiangazi utapata picha moja, na ukihesabu wiki chache baada ya mvua utapata nyingine, ilhali chanzo cha uchafuzi hakijabadilika kabisa. Nyinyi mmewaona maji yalipopungua, na pengine walikusanyika kwenye ukanda mwembamba uliobaki na unyevu. Wingi huo wa ukingoni msiutumie kama kipimo cha bwawa zima.

Sasa niseme jambo ambalo naliona kuwa zito kuliko yote, ingawa hukuliuliza. Katika bwawa lenye tope jeusi na chakula tele, kinachopaswa kuwatia hofu zaidi ni kutokuwapo kwa minyoo. Minyoo huvumilia ukosefu wa hewa na wingi wa maozea, lakini hawavumilii kila kitu. Sumu za viwandani, madini mazito kama shaba na kadimiamu, na baadhi ya viuatilifu vya mashambani huweza kuwaangamiza, na kwa sababu hiyo minyoo wa majini hutumika maabara kupima sumu ya mashapo. Shirika la ushirikiano wa kiuchumi la OECD lilitoa mwongozo wa kipimo cha namna hiyo mnamo 2007, na wa pili, unaohusu jinsi sumu zinavyojilimbikiza mwilini mwa minyoo, mnamo 2008. Iwapo sehemu ya bwawa lenu iliyo karibu na mkondo wa kuingilia ina tope lilelile lakini haina kiumbe hata mmoja, pelekeni tope hilo maabara haraka kuliko tope lenye minyoo elfu. Na minyoo wanaoishi kwenye tope lenye madini mazito wanaweza kuyahifadhi mwilini, kisha samaki wanaowala wakayapokea. Hilo ni la kuangaliwa ikiwa bwawa lenu linavuliwa.

Minyoo wenyewe hawalali tu chini wakisubiri kuhesabiwa. Wanaibadilisha sakafu ya bwawa kama mkulima anavyopindua udongo. Tope lililokuwa chini huletwa juu likiwa vidonge vya kinyesi, na matundu yao huingiza maji yenye oksijeni ndani ya mashapo. Faida yake ni kwamba maozea huliwa haraka zaidi, na mahali ambapo tabaka lenye hewa na lisilo na hewa yanakaribiana, bakteria hugeuza naitreti kuwa gesi ya nitrojeni inayotoka majini. Kuhusu fosforasi, kirutubisho kinachokuza mwani, mambo hayana upande mmoja. Tangu tafiti za mwanasayansi Mortimer katika maziwa ya Uingereza, zilizochapishwa 1941 na 1942, tunajua kwamba chuma kilichopata oksijeni hushika fosforasi kwenye tope, na oksijeni ikiisha chuma hicho huyeyuka na kuiachia. Minyoo wanaoingiza hewa wanaweza kusaidia kuishikilia, lakini minyoo wanaopandisha tope lisilo na hewa na kulegeza uso wa mashapo wanaweza kuitoa, hasa upepo unapofika hadi chini, kama unavyofika kwa urahisi katika bwawa lenu. Fosforasi hiyo hulisha mwani, mwani ukifa hushuka chini, na minyoo wakaongezeka. Basi wingi wa minyoo na ukijani wa maji mara nyingi ni ndugu wa baba mmoja, na baba huyo ni virutubisho vinavyoingia bwawani.

Mkitaka kujua hali yenu kwa uhakika, chagueni vituo visivyopungua vitano: karibu na mkondo wa kuingilia, katikati, karibu na ukuta wa bwawa, na viwili kando ya kingo, kimoja chenye mimea na kimoja kisicho nayo. Kwa kila kituo chukueni sampuli 3 kwa chombo cha kunyakua tope cha aina ya Ekman, ambacho kwa ukubwa wa kawaida hufunika sentimita 15 kwa 15. Idadi ya minyoo katika mnyakuo mmoja mkiizidisha kwa 44.4 mnapata idadi kwa mita ya mraba. Minyoo 30, kwa mfano, ni takriban 1,330. Oshea tope kwenye chekeche ya matundu ya milimita 0.25. Chekeche ya 0.5 ni nyepesi kutumia, lakini itawapitisha wachanga na karibu jamii yote ya wadogo wa kwenye mimea, na mtajidanganya. Hifadhini sampuli kwenye alkoholi ya asilimia 70 kama hamna mtu aliyefundishwa kutumia formalini, kwa kuwa mvuke wake unadhuru. Pimeni oksijeni na joto juu na chini katika kila kituo, na mfanye hivyo alfajiri na tena alasiri, kwani kipimo cha mchana peke yake kitaficha kinachotokea usiku. Fanyeni haya yote mara moja maji yakiwa mengi na mara moja yakiwa machache.

Utambuzi wa spishi mwachieni chuo kikuu au maabara ya uvuvi iliyo karibu, maana Limnodrilus mchanga hatofautishwi na ndugu zake kwa macho. Lakini hata bila hadubini mnaweza kuandika mambo yenye thamani: wangapi wana matamvua ya Branchiura, wangapi ni mabuu ya Chironomidae, na zaidi ya yote, nani wengine wapo. Mkikuta kome, mabuu ya kereng'ende, na mabuu ya wadudu wa jamii ya Ephemeroptera yenye mikia mirefu mitatu wakiishi pamoja na minyoo, hata kama minyoo ni wengi, tope lenu bado lina hewa ya kutosha mara nyingi. Mkikuta minyoo wa sura moja tu, kwa maelfu, kwenye tope linalonuka mayai yaliyooza, basi mmelemewa na maozea na mnapaswa kutafuta yanakotoka.

Kwa maji ya kunywa msitegemee minyoo hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka bakteria wa E. coli, wanaotoka kwenye kinyesi, wasionekane kabisa katika sampuli ya mililita 100, na kipimo hicho hakina mbadala. Maji yakigeuka kijani kizito kama rangi iliyomwagwa, ombeni pia kipimo cha sumu za sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani. Kwa sumu iitwayo mikrosistini-LR, shirika hilo limeweka kikomo, ambacho bado si cha mwisho, cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji yanayonywewa maisha yote, na kuchemsha maji hakuiondoi. Na kama minyoo wadogo watatokea bombani, shaka yenu ielekezeni kwenye chujio na tangi, kwa sababu chujio linalopitisha mnyoo wa milimita kadhaa limepitisha na visivyoonekana.

Ndipo nirudi kwenye mrututu. Shaba iliyomo haiozi. Itaua baadhi ya minyoo, itaua mwani kwa ghafla na kuzifanya sumu zake zimwagike majini kwa pamoja, itadhuru samaki, kisha itatulia kwenye tope na kubaki humo. Minyoo waliokufa wataoza na kumaliza oksijeni iliyobaki, na chakula kilichowaleta kitakuwa bado kipo. Fedha ya mrututu itafaa zaidi ikitumika juu ya mkondo: kuhamisha mahali pa kunyweshea mifugo ili isiingie bwawani, kuacha ukanda wa nyasi usiolimwa kando ya mito inayoingia, kuhakikisha vyoo na mashimo ya taka havitiririki kuelekea bwawani wakati wa mvua, na kuvuna magugumaji kabla hayajazama na kuoza.

Msishangae minyoo wasipopungua mwaka wa kwanza wala wa pili. Katika maziwa yasiyo na kina ya Ulaya na Amerika Kaskazini ambako virutubisho vilipunguzwa, tope liliendelea kuachia fosforasi ya zamani, na mara nyingi ilichukua miaka 10 hadi 15 kabla ya hali mpya kutulia. Kwa sababu hiyo andikeni kwenye daftari la kamati vituo mlivyovichagua, ukubwa wa matundu ya chekeche, kiwango cha maji na tarehe ya kila sampuli, ili watakaokalia viti vyenu baadaye wapime mahali palepale kwa namna ileile.